Naomba ushauri: kilti ya kila siku

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naishi Glasgow na nimezoea kuvaa kilti, ile sketi ya mirabaraba ya wanaume wa Uskoti, hata kazini na kwenye basi. Wenyeji wengi huiweka kwa harusi au mechi za raga, hivyo mimi Mwafrika nakodolewa macho. Wazee hunisifia, hilo sina neno. Shida ni Ijumaa usiku: walevi, wake kwa waume, huuliza nimevaa nini ndani, wengine hushika pindo wafunue! Nimejaribu kucheka, nimejaribu kununa. Ile pini ya pembeni ya kilti nayo ni kama pambo tu, haizuii mtu kufunua.

Mlioko huku, mnawajibuje bila ugomvi? Na Desemba naenda Tanga ukweni: niivae, sufu mita 7 na joto lile, au nifunge kikoi tu?