Draiva ya inchi 1 au inchi 2? Natengeneza spika za kwaya, niko Kigoma, naomba ushauri

Seremala_Mwanga
Habari za leo wakuu. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Kazi yangu ni useremala, na kwaya yetu imenikabidhi kutengeneza spika mbili za kanisa. Besi ninazo tayari: inchi 15, omu 8, karatasi yake inasema desibeli 97 kwa wati 1 kwa mita 1. Maboksi nimekata plaiwudi ya milimita 18, ndani pembeni nimetia vipande vya mninga, gundi na skrubu.

Kinachonisumbua ni sauti za juu. Mwaka jana nilifunga twita ndogo za honi, kila moja na kapasita yake ya kuzuia sauti za chini. Pasaka, ibada ya pili, ya kulia ikaanza kukwaruza kama ina mchanga ndani, na kabla ya sadaka ikanyamaza. Nilipoifungua, kiwambo (ile ngozi nyembamba inayotikisika kutoa sauti) kimebadilika rangi, na ule waya mwembamba wa koili umekatika sehemu moja, hapo pamekuwa peusi. Ya kushoto inaishi, ila akina mama wa mbele wanasema inawachoma masikio, na wanaokaa ubavuni wanasema maneno hayasikiki. Iliniuma, maana ile ni hela ya michango.

Sasa duka la Kariakoo, Dar, wana draiva (kile chombo cha sauti za juu kinachofungwa nyuma ya honi) zenye koo, yaani tundu la kutolea sauti, la inchi 1 na la inchi 2. Ya inchi 2 bei yake karibu mara tatu. Jamaa mwingine ananiambia nichukue honi za matangazo kama za msikitini, zinafika mbali. Kanisa ni refu, juu bati, chini saruji, watu kama 300. Nichukue ipi?

Kibirizi_Ziwani
Pole mkuu. Honi za matangazo kwa kwaya hapana. Zimetengenezwa kwa sauti ya mtu anayesema, ndiyo maana adhana inafika mbali na inaeleweka. Kinanda na soprano zinahitaji zaidi ya hapo. Halafu nyingi zina transfoma ya laini ya volti 100 ndani, usije ukaiunga tu kwenye amplifaya yako.

Fundi_Ujiji
Seremala, kabla sijasema lolote: ile kapasita ilikuwa ya ngapi? Na besi uliiwekea koili ya kuzuia sauti za juu?

Seremala_Mwanga
Kapasita ni mikrofaradi 22, ndiyo niliyoipata hapa mjini. Besi nimeunga moja kwa moja, koili hakuna.

Fundi_Ujiji
Basi ugonjwa umejulikana. Mikrofaradi 22 kwenye omu 8 inaanza kukata kwenye hezi 900 hivi, za juu yake zote zinapita. Twita ile ndogo hezi 900 haiziwezi kabisa. Kiwambo kilikuwa kinatupwa mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana, umeme wote ukageuka joto kwenye koili. Wati zilizoandikwa kwenye sanduku zisingeiokoa.

La watu wa ubavuni: wimbi la hezi 1000 lina urefu wa sentimita 34, karibu sawa na upana wa koni ya inchi 15. Kuanzia hapo kwenda juu, besi inabana sauti kama mwanga wa tochi. Aliye mbele anapata, aliye pembeni anakosa. Na konsonanti, zile S na T na K zinazofanya neno lieleweke, ziko huko juu. Kwa hiyo unahitaji honi inayoweza kuteremka kuipokea besi mapema. Hilo ndilo la kumuuliza mwenye duka: inashuka hadi hezi ngapi?

Mimi ningechukua koo la inchi 1, lakini yenye koili ya ndani, ile inayosukuma kiwambo, ya milimita 44. Hiyo ukiikata hezi 1600 inatulia. Zile za koili ya milimita 25 ziache. Honi iwe na mdomo wa upana wa sentimita 30 au zaidi, isambaze sauti digrii 90 kwa 40. Ile 40 isimame wima, sauti isipande sana kwenye bati ikarudi kama mwangwi.

Kasulu_Sound
Fundi nakuheshimu, ila mimi nina za inchi 2 miaka mingi na sijaunguza hata moja. Zinashuka hadi hezi 800 bila wasiwasi.

Fundi_Ujiji
Kweli kaka, kwa nguvu na kwa kushuka hazina mpinzani. Lakini kiwambo kikubwa ni kizito, juu ya hezi 10,000 zinafifia, na wengi huongeza twita nyingine juu yake. Kwa watu 300 na hela ya michango, sioni sababu.

Kasulu_Sound
Hapo sawa, twita ninazo kweli.

Seremala_Mwanga
Nimekuelewa fundi. Na hili la kuchoma masikio?

Fundi_Ujiji
Besi yako ni desibeli 97, draiva ikiwa kwenye honi inafika kama 107. Umewapa akina mama desibeli 10 za ziada usoni. Weka rizista ya omu 5.6 kwa mfululizo, kisha ya omu 3.9 sambamba na draiva. Zinashusha hizo 10, na krosova (kapasita na koili zinazogawa sauti za juu na za chini) bado inaona omu 8. Chukua zile nyeupe za saruji, wati 20.

Krosova usitegemee kapasita peke yake. Kwa hezi 1600, upande wa honi: kapasita ya mikrofaradi 8.8 kwa mfululizo (8.2 inafaa), halafu koili ya milihenri 1.1 sambamba. Kapasita iwe isiyo na chanya na hasi. Upande wa besi ni kinyume: koili kwa mfululizo, kapasita sambamba. Ukimaliza, geuza nyaya za honi, chanya iende hasi, usikilize mtu akiongea kwenye maiki. Upande ambao sauti imejaa zaidi ndio uache.

Kibirizi_Ziwani
Naongeza: uliza kama kiwambo cha akiba kinauzwa peke yake. Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, kikiungua Ijumaa hupati Jumapili. Na hakikisha honi na draiva vinafungana, maana kuna za kuzungusha na kuna za bolti.

Seremala_Mwanga
Nimepiga simu dukani: ya milimita 44 ipo, ya bolti, na viwambo vipo. Naagiza draiva mbili na viwambo viwili. Mbarikiwe sana, nitaleta mrejesho.

Fundi_Ujiji
Mzigo ukifika, usifunge kwanza. Pima kila draiva kwa mita: ya omu 8 isome kama 6. Ikigoma kusoma, irudishe vilevile na sanduku lake.