Darwin alitikisa nini zaidi, falsafa au tiba? Walimu wangu wamenichanganya

daktari_mtarajiwa

Habari wakuu,

Nasoma udaktari, mwaka wa pili. Tuna somo la falsafa ya sayansi ambalo wengi wetu tunaingia ili jina lionekane kwenye mahudhurio, sitaficha. Juzi mwalimu wa somo hilo alisema nadharia ya mageuko imeibadilisha falsafa kuliko ilivyoibadilisha tiba, kwa sababu daktari anaweza kutibu watu mpaka anastaafu bila kumhitaji Darwin hata siku moja. Nikaipeleka kauli hiyo kwa mwalimu wa mikrobiolojia. Alicheka sana, akasema tukifika kwenye usugu wa dawa nitajua nani anamhitaji nani.

Nilivyoelewa mimi, usugu ni kwamba bakteria wanakutana na dawa kidogo kidogo, wanaizoea, mwisho haiwadhuru. Sioni Darwin anaingia wapi. Na upande wa falsafa, sioni ndege na mijusi wa visiwani wanahusiana nini na Aristotle.

Mwenye uelewa anifafanulie. Mambo ya dini na mageuko yana nyuzi zake humu, tafadhali tusiyalete hapa.

Nawasilisha.

Jicho_la_Tatu

Mwalimu wa falsafa yuko sahihi. Unaumwa, unapewa dawa, unapona. Nani amekuuliza habari za nyani?

Sahani_ya_Agari

Mdogo wangu, mimi ni mstaafu wa maabara ya vimelea. Kazi yangu ilikuwa kuotesha bakteria kwenye sahani, kuweka vidude vyenye dawa juu yao, na kesho yake kupima kwa rula upana wa duara ambalo dawa imelisafisha. Kwa hiyo naanza na hapo uliposema "wanaizoea". Umekosea pale pale ambapo wanasayansi wakubwa nao walikuwa wakibishana hadi miaka ya 1940, usione haya.

Salvador Luria, Mwitaliano aliyekimbilia Marekani, alikuwa akiotesha bakteria aina ya E. coli pamoja na virusi vinavyowaua. Karibu wote hufa. Wachache husalia, na uzao wa hao wachache virusi haviuwezi tena. Swali: virusi ndivyo vilivyowabadilisha, au wao walikuwa hivyo tangu mwanzo? Ukiitazama sahani huwezi kujua, majibu yote mawili yanatoa picha ile ile. Luria mwenyewe alisimulia kwamba ufumbuzi ulimjia kwenye dansi ya walimu wa chuo, akimtazama mwenzake anacheza mashine ya kamari. Mashine inakula sarafu, inakula, inakula, halafu ghafla inamwaga rundo.

Akachukua mirija mingi, kila mmoja akautia bakteria wachache sana, akawaacha wazaliane kila kundi kivyake. Kisha kila mrija akaumimina kwenye sahani yake yenye virusi. Fikiria sasa. Kama usugu unatokana na kukutana na adui, sahani zote zitatoa idadi zinazokaribiana, maana wote wamekutana naye kwa wakati mmoja na kwa namna moja. Haikuwa hivyo. Sahani nyingi zilitoka tupu au na makoloni machache, na moja moja ikatoka imefurika. Iliyofurika ni ile ambayo badiliko la jeni lilitokea mapema mrijani, vizazi vya mwanzo, likarithiwa na wengi kabla ya virusi kuletwa. Max Delbrück alimfanyia hesabu, wakachapisha mwaka 1943.

Kwa hiyo dawa haimfundishi bakteria kitu chochote. Wenye badiliko walishakuwepo kwa bahati tu, wakiwa wachache mno, na dawa ikawaondolea majirani. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mwili wake "umezoea dawa" huwa nachoka kabisa. Mwili wake haumo katika kesi hiyo.

Unauliza daktari anafaidika nini? Kifua kikuu. Uingereza walifanya jaribio maarufu la streptomaisini, matokeo yakatoka 1948. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4 kati ya 55. Wasiopewa, 14 kati ya 52. Shangwe. Lakini kwa wagonjwa wengi vimelea sugu vilijitokeza ndani ya miezi hiyo hiyo, na baada ya miaka mitano tofauti ya vifo kati ya makundi mawili ilikuwa karibu imefutika. Dawa moja ilikuwa imechagua wasiodhurika nayo. Wakaongeza dawa ya pili, PAS, na usugu ukashuka sana.

Sababu ni hesabu tupu. Tuseme bakteria mmoja kati ya milioni ana badiliko la kuishinda dawa A, na mwingine kati ya milioni anaishinda B. Atakayezishinda zote mbili kwa pamoja ni mmoja kati ya trilioni. Tundu moja katika pafu lenye ugonjwa laweza kubeba bakteria milioni mia. Dawa moja ina uhakika wa kukuta sugu humo. Dawa mbili kwa mpigo, karibu hakuna. Mwaka 1996, VVU ilipoanza kudhibitiwa kwa dawa tatu kwa pamoja, mantiki ilikuwa hii hii. Kila daktari anayeandika dozi ya TB anaitumia hesabu ya uteuzi asilia (wanaofaa mazingira ndio husalia na kuzaana), awe amemsikia Darwin au hajamsikia.

Mtembea_na_Maswali

Nafundisha falsafa (si mimi mwalimu wako, wala usitafute). Naomba niunganishe na alichosema mzee hapo juu, kwa sababu ameshaandika falsafa bila kuiita hivyo.

Kwa Aristotle, farasi ni farasi kwa sababu ya umbo lake la ndani ambalo halibadiliki. Farasi huyu mweupe, yule mfupi, wa tatu anachechemea: hizo ni sifa za kibahati za maada, hazimo katika ufarasi. Kujua kitu ni kulijua umbo hilo, na kinachobadilika hakijuliki sawasawa. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili watu wenye akili nyingi walijenga juu ya msingi huo. Mwaka 1859 Darwin, kwa kitabu chake juu ya asili ya spishi, anaugeuza. Kilichopo kweli ni farasi mmoja mmoja, kila mmoja tofauti kidogo na mwenziwe. "Aina" ni jumla tunayoipiga sisi baadaye, na jumla hiyo inahama. Tofauti ambazo Aristotle aliziweka pembeni ndizo zilizobeba historia yote. Ernst Mayr, mwanabiolojia, alishikilia kwamba hapo ndipo mapinduzi yenyewe yalipo: kutoka kuwaza kwa kielelezo kimoja kwenda kuwaza kwa kundi.

Mwanafalsafa John Dewey, ambaye kwa bahati alizaliwa mwaka huo huo wa 1859, alitoa mhadhara New York mwaka 1909 juu ya jambo hili. Hoja yake naipenda kwa sababu haijigambi: maswali makubwa ya zamani, hasa lile la kusudi lililowekwa juu ya vitu vyote, Darwin hakuyajibu. Watu waliacha kuyauliza, wakashika maswali mengine: kitu hiki kimefikaje hapa, na kinaleta nini.

Kuna upande mwingine ambao walimu huuruka. Mwaka 1881 Darwin alimwandikia William Graham kwamba humjia shaka ya kutisha: kama akili ya binadamu imetoka katika akili za wanyama wa chini, tuziamini vipi imani zake? Baadaye Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama, 1941, alimchukua mwanafalsafa Kant na kusema kwamba yale tunayozaliwa nayo kabla ya uzoefu wowote ni uzoefu wa mababu wa spishi nzima. Ni jibu zuri, ila halimalizi shaka. Akili iliyochongwa ili tusalie hai haikuchongwa ili tuujue ukweli. Mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja, si mara zote.

Sasa rudi hospitali. Daktari anayesema "mgonjwa ana bakteria fulani, dawa yake fulani" anawaza kama Aristotle, kana kwamba kuna bakteria mmoja wa mfano aliyerudiwa mara milioni. Mzee wa maabara anawaza kama Darwin. Kwa hiyo walimu wako wawili wanagombania kitu kimoja.

daktari_mtarajiwa

Asanteni sana wakuu, hiyo ya mirija imenikaa. Ila mifano yote ni ya vimelea. Mwili wa binadamu wenyewe je? Mageuko yake ni ya kale mno, daktari wa leo atayafanyia nini?

Sahani_ya_Agari

Si yote ya kale. Saratani inageuka ndani ya mgonjwa mmoja ukimtazama. Peter Nowell aliliandika hilo 1976: uvimbe ni kundi la seli zinazotofautiana na kushindana, na tiba inaondoa zinazodhurika na kuziachia uwanja zisizodhurika. Ni sahani yangu ile ile, ila haina kifuniko.

Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, unaijua. Ugonjwa unaoua watoto ulipaswa kuwa umepungua zamani, kwa nini jeni yake iko nyingi hivyo katika baadhi ya maeneo? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga dhidi ya malaria kali. Nakala mbili ni ugonjwa, nakala moja ni ngao. Ukimuuliza mtu wa zamani "jeni hii ni nzuri au mbaya?" atataka jibu moja. Halipo. Inategemea iko na jeni gani mwenzake, na kama pana mbu wa malaria.

Na kwa kuwa uliwataja mijusi: Matthew Kluger na wenzake, 1975, waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani aina ya iguana. Mjusi hana joto lake mwenyewe, akitaka homa anahamia mahali pa moto, na akiugua anahamia kweli. Waliowekwa penye joto la juu walipona wengi kuliko waliowekwa penye ubaridi. Basi homa kwa sehemu ni kazi ya mwili yenyewe. George Williams na Randolph Nesse walikusanya maswali ya namna hii katika makala ya 1991, na lao kuu lilikuwa hili: dalili unayoiona ni hitilafu, au ni ulinzi?

Lakini hapa nakuwekea breki. Tawi hili lina wapiga hadithi wengi. Kila kiungo na kila tabia hupewa faida ya kubuni iliyokuwepo zama za mapango, na hakuna jaribio. Mengine hayana faida yoyote, ni masalio tu. Njia ya chakula inakatiza mbele ya njia ya hewa, na watu wanakabwa na tonge wanakufa. Tumerithi ramani hiyo kwa mababu wenye asili ya samaki, hakuna aliyeichora upya. Na homa ya mtoto usiiache ipande kwa sababu ya mjusi wa Kluger.

Jicho_la_Tatu

Haya, mmeisifu vya kutosha. Mbona hamsemi iliyoyazaa? Mwenye nguvu mpishe, dhaifu afe. Watu walihasiwa kwa jina la sayansi hii hii.

Mtembea_na_Maswali

Walihasiwa, ndiyo. Francis Galton, binamu yake Darwin, alilipa jina wazo la kuboresha uzao wa watu mwaka 1883. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, iliruhusu jimbo la Virginia kuwafunga watu uzazi kwa lazima. Na walioshika visu walikuwa madaktari, jambo ambalo mwanafunzi wetu anapaswa kulitafakari. Msemo wa kusalia kwa anayefaa zaidi ulikuwa wa Herbert Spencer, 1864, ila Darwin aliuingiza kwenye toleo la tano la kitabu chake cha 1859, lililotoka 1869, na kitabu chake cha 1871 kina kurasa zisizosomeka bila kukunja uso. Hatoki msafi.

Hoja yenyewe hata hivyo haisimami. Mwanafalsafa Hume alishaonyesha, 1740, kwamba huwezi kutoka kwenye "ndivyo ilivyo" ukafika kwenye "ndivyo inavyopaswa kuwa" bila kuongeza kitu njiani. Na Thomas Huxley, mtetezi mkali kuliko wote wa Darwin, alisimama Oxford mwaka 1893 akasema maadili ya jamii hayaendelei kwa kuuiga mwenendo huo wa ulimwengu, bali kwa kupigana nao.

Sahani_ya_Agari

Naongezea la maabara, kwa sababu "mwenye nguvu" ndilo kosa jingine kubwa.

Klorokwini ilipochoka kwa malaria, Malawi iliiondoa mwaka 1993 ikaweka dawa nyingine, SP. Kama vimelea sugu vingekuwa "vyenye nguvu" hivi hivi, vingebaki vinatawala. Watafiti walirudi kuijaribu klorokwini kwa watoto wa Blantyre, wakachapisha 2006: dawa ilishindwa kwa mtoto mmoja tu kati ya 80. SP, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika, ilishindwa kwa 71 kati ya 87. Usugu ulikuwa na gharama. Dawa ilipotoweka, vimelea vya kawaida vilivyokuwa vimebaki vichache vikavipita vile sugu, vikajaa tena. Bingwa wa mwaka 1993 alikuwa bingwa mbele ya klorokwini tu.

Ila mdogo wangu usiende kuandika kwenye mtihani kwamba kila dawa ukiipumzisha inarudi. Bakteria wengi sugu hupata badiliko la pili linalofidia gharama ya lile la kwanza, na hapo hata dawa ikiondolewa usugu unakaa. Mwalimu wako wa mikrobiolojia akifika kwenye mada hiyo, muulize kuhusu hayo mabadiliko ya kufidia.