Tupeane uzoefu: ni nani unatamani ungemfahamu zaidi?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Siulizii watu maarufu. Nauliza mtu uliyekaa naye karibu, ambaye hata kikohozi chake ungekitambua ukiwa chumba cha pili, ila ukiambiwa ueleze alikuwa mtu wa namna gani unakwama.

Kwangu ni baba mkubwa, fundi redio. Nilimjua kama mzee mkimya, ameinamia meza yake ya kazi, anaitikia salamu bila kuinua kichwa. Alipofariki tukapekua makabrasha yake, tukakuta daftari la wateja limeandikwa kwa penseli. Mbele ya kila redio kaandika ubovu wake, na pembeni maneno machache kuhusu mwenyewe. "Mjane, asidaiwe." "Ana haraka, mtoto anaumwa." Kuna mteja mmoja anajirudia kurasa nyingi: "Redio nzima. Anakuja kuongea." Nimelisoma daftari lile mwanzo hadi mwisho. Mtu mwenye jicho la namna ile tuliishi naye nyumba moja, na hatukuwahi kumsikia akimtaja hata mteja mmoja. Natamani sana ningemsikia akiwazungumzia wale watu kwa mdomo wake. Wa kwako ni nani?

Mchangiaji 1
Mama yangu, na namshukuru Mungu yupo hai. Wazazi tunawajua upande wa kutulea tu, miaka yao ya kabla yetu ni giza. Niliona picha yake ya usichana yuko juu ya pikipiki, anacheka mpaka macho yamefumba. Nikamwambia, "Mama, nisimulie maisha yako." Akasema hayana la maana. Siku nyingine nikamuuliza tu, "Ile pikipiki ilikuwa ya nani?" Hapo ndipo alipofunguka! Ilikuwa ya kaka yake, mama akiichukua huyo kaka akiwa amelala. Alitaka awe dereva wa magari makubwa, babu akakataa. Tangu hapo nauliza vitu vidogo: mshahara wa kwanza ulinunua nini, rafiki yako darasani alikuwa nani. Swali kubwa linamtisha mtu, anaona kama anafanyiwa usaili.

Mchangiaji 2
Mwenzangu wa kazini. Meza zetu ziligusana kwa miaka, habari za asubuhi, za jioni, basi. Alipohamishwa, kwenye kumuaga ndiyo nasikia anaimba kwaya na ana watoto mapacha. Kuna utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, wa mwaka 2018: kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida ni takriban saa 50 za kuwa pamoja, na urafiki wa karibu ni zaidi ya 200. Ila saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito kama zile za kupiga soga. Niliposoma hapo nikamkumbuka.

Mchangiaji 3
Naomba nitofautiane kidogo. Shangazi yangu ana miaka yake ambayo haigusi. Ukikaribia, anainuka na kwenda kukunja nguo. Mimi nimeiheshimu hiyo. Nakaa naye, tunakunja wote, na nimemfahamu kwa njia hiyo: najua akinyamaza kwa hasira na akinyamaza kwa uchovu. Si lazima kila mtu atoe historia yake ndiyo tuseme tunamjua.

Mchangiaji 1
Umesema kweli mkuu. Hata mama kuna mahali huwa anasema "hapo tupaache", na tunapaacha.

Mchangiaji 4
Mimi na kaka yangu tulipotezana kimaongezi tukiwa nyumba moja. Tukatumia yale maswali 36 ya mwanasaikolojia Arthur Aron, ya mwaka 1997. Watu wawili wanaulizana, yanaanza mepesi, yanazidi kuzama. Tulianza kwa kuoneana aibu. Tulipofika lile la kusema ni lini mara ya mwisho ulilia mbele ya mtu, kaka alinyamaza muda mrefu, kisha akanieleza jambo ambalo sitaliandika hapa. Ninamtazama kwa jicho jingine kabisa sasa.

Nyongeza kwa wenye wazee: rekodini sauti. Marekani kuna mradi unaitwa StoryCorps, ulianza 2003. Watu wawili wanaojuana wanakaa kama dakika 40, mmoja anamhoji mwenzake, na mazungumzo yanahifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Wewe simu yako inatosha. Mwombe ruhusa kwanza, iweke mezani, kisha isahau.

Mleta mada
Asanteni sana. Baada ya kuwasoma nimempigia mama mkubwa, nikamuuliza habari za yule mteja wa redio nzima. Akacheka. Kumbe walikuwa wanacheza bao, na mzee alikuwa anafungwa kila mara! Nimemwomba niende nikamsikilize, amekubali.

Wengine karibuni, hasa waliouliza wakajibiwa. Mlianza na swali gani?