Naomba ushauri: jino lililozibwa mzizi linatakiwa kufunguliwa upya

Habari wakuu. Mwaka 2019 nilizibwa mizizi ya gego la chini. Sasa kwenye ufizi kimeota kijipu kama punje ya mtama. Nikikibonyeza kinatoa usaha wenye chumvichumvi. Daktari mmoja hapa Dar, maeneo ya Kariakoo, kanionyesha eksirei: gutapecha, ule utomvu mgumu waliojazia, haujafika mwisho wa mzizi. Anataka autoe kwa dawa ya kulainisha na vijisindano vya kukwangulia, asafishe, kisha azibe upya. Mwingine anasema ling'olewe tu. Jamani, jino langu bado nalitaka! Waliopitia hili, mlienda mara ngapi? Kuna aliyekatikiwa kijisindano ndani? Madaktari wa meno mliomo humu, hapo mngefanyaje?