Enterprise: hotuba ya Nahodha Archer iko wapi?

Ndugu wadau, ambaye hajamaliza kuitazama Star Trek: Enterprise, tamthilia ya televisheni ya safari za anga za juu, aupite uzi huu, kwa sababu nitamtaja anayekufa na namna anavyokufa. Sisi wengine tubaki tusemezane. Nimekitazama upya kipindi chake cha mwisho, "These Are the Voyages...", kilichorushwa Marekani tarehe 13 Mei 2005, nikidhani kwamba umri umenipoza. Haukunipoza.

Lalamiko langu ni moja. Mabaharia waliobeba tamthilia hii kwa misimu minne, tangu Septemba 2001, walinyang'anywa mwisho wao wakapewa watu wengine. Kipindi hakianzii katika chombo chao wala katika zama zao. Kinaanza, kinaendelea na kinaisha ndani ya chombo cha Nahodha Picard wa tamthilia ya The Next Generation, zaidi ya miaka mia mbili baadaye, ambako William Riker, msaidizi wa Picard, ameingia katika kile chumba kinachounda upya watu na mahali palipopita, ili aitazame safari ya mwisho ya Archer na wenzake. Kwa nini aitazame? Kwa sababu ana jambo linalomsumbua kazini: afanye nini kuhusu siri ya chombo cha Pegasus, aliyoificha kwa miaka mingi kwa amri ya mkubwa wake wa zamani. Siri hiyo ilikwisha kusimuliwa, na kusimuliwa vizuri, katika tamthilia hiyo ya Picard, mwaka 1994. Tuliijua ilivyokwisha. Hivyo Archer, T'Pol, Trip, Reed, Hoshi, Travis na Phlox, katika dakika zao za mwisho kabisa, wamegeuzwa picha za kumsaidia mtu mwingine kufikia uamuzi ambao mtazamaji alikwisha kuujua kwa miaka kumi na moja.

Sisi wa Kampala tunamfahamu VJ, yule anayeketi na kipaza sauti akaifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda huku akiongeza utani wake. Lakini hata VJ mwenye maneno mengi kupita kiasi anajua kwamba watu wametoa kiingilio ili wamwone mpiganaji, wala hathubutu kuisimamisha filamu katikati ya vita ili ashauriane na rafiki yake kuhusu bosi wake. Riker anathubutu. Anasimamisha mambo anapotaka, anaruka anapotaka, anavaa aproni na kujifanya mpishi wa chombo (yule mpishi ambaye kwa misimu yote minne hatukuonyeshwa uso wake, na huo ulikuwa utani mzuri), kisha mabaharia wanakuja mmoja mmoja kumfungulia mioyo yao. Mambo ambayo Trip na T'Pol walipaswa kuambiana wenyewe wanamwambia mgeni anayekatakata mboga.

Nawaheshimu Jonathan Frakes na Marina Sirtis, walioigiza Riker na rafiki yake Troi, na kosa hili si lao. Waandishi wa kipindi, Rick Berman na Brannon Braga, walieleza kwamba walikusudia kutoa zawadi ya upendo kwa mashabiki wa Star Trek yote. Jolene Blalock, aliyeigiza T'Pol, alikilaumu hadharani kabla hakijarushwa, na nadhani yeye aliwaelewa mashabiki kuliko waliokiandika.

Sasa tuje kwa Trip. Charles Tucker, mhandisi mkuu, ndiye aliyekuwa moyo wa chombo kile, na sikatai kwamba mhusika mpendwa anaweza kufa. Nakataa kufa kwa sababu zisizo na uzito. Wahuni waliokuwa wakimwinda Shran, Mwandoria aliye rafiki wa Archer, wanaingia chomboni kwa urahisi wa kuaibisha, kana kwamba miaka kumi ya hatari haikuwafundisha mabaharia hawa kufunga mlango. Trip anawadanganya, anaunganisha mabomba mawili, panalipuka, anakufa. Hawa si Waromulani wala Wasuliban, wala si adui yeyote ambaye tamthilia ilikuwa imemjenga. Ni watu wasio na majina, na ugomvi wao ni wa jiwe la thamani. Kisha, kwa kuwa tunafuata ratiba ya Riker, tunarushwa mbele na kurudishwa nyuma, na baada ya kifo chake tunamwona tena Trip yu hai jikoni akizungumza na "mpishi", hata huzuni yenyewe haipati nafasi ya kutulia. Nahodha aliyempoteza rafiki yake wa karibu kabisa hapewi kikao kimoja cha kuomboleza kinachostahili jina hilo.

Halafu mtu aniambie: miaka kumi ya utumishi, wakapita katika hatari ya Waxindi iliyotaka kuifuta Dunia nzima, na Hoshi na Travis bado wana cheo kile kile cha chini walichoanza nacho? Ni jeshi gani hilo?

Hata hivyo yote hayo ningeyameza kama wangetuachia kitu kimoja, nacho ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Msimu wa nne, chini ya mtayarishaji Manny Coto, ulikuwa umefanya kazi ya kupendeza na ya subira. Uliwachukua Waandoria na Watelari, watu wa sayari mbili waliochukiana, ukawachukua Wavulkani wa sayari ya T'Pol wenye dharau yao na wanadamu wenye pupa yao, ukatuonyesha hatua kwa hatua jinsi wanavyolazimika kushirikiana ili kukitafuta chombo kimoja cha Waromulani kinachowachonganisha. Tulimwona Archer akipigana na Shran kwa zana za wachimba barafu ili muungano usivunjike. Hatimaye, katika "Terra Prime", tuliwaona wajumbe wakikaa pamoja na kuanza kuzungumza. Njia yote hiyo ilikuwa ikielekea mwaka 2161, siku ya kutiwa sahihi mkataba wa Shirikisho la sayari hizo.

Kwa Mwafrika Mashariki, jambo hili si pambo. Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza kule Nairobi mwezi Juni 1963 nia yao ya kuunda shirikisho la kisiasa, na hadi leo hatujaliona. Tuliunda Jumuiya mwaka 1967, tukaizika mwaka 1977 huku tukigombea ndege na mabehewa, kisha tukatia sahihi mkataba mwingine Arusha mwaka 1999. Tunajua kwamba maneno yanayosemwa siku kama ile yana uzito, kwamba anayesimama mbele ya watu walioumizana anapaswa kuchagua neno la kwanza kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana nilitaka kumsikia Archer. Angewaambia nini Waandoria? Angewataja waliokufa vitani? Angemtaja Trip, aliyezikwa juzi tu?

Hatutajua. Archer anaandika hotuba, anahangaika nayo kipindi kizima, T'Pol anamrekebisha kola, anapanda jukwaani mbele ya umati, na kabla hajafungua kinywa Riker anaiamuru kompyuta ifunge programu. Ukumbi unatoweka. Yeye ameshapata alichokifuata, anaondoka na Troi kwenda kwa nahodha wake, nasi tunabaki tukitazama kuta tupu. Vita na Waromulani, ambavyo ndivyo vilivyozaa Shirikisho hilo, vilirukwa. Na Shirikisho lenyewe likakatwa kama tangazo la biashara.

Najua watakaokuja kunijibu kwamba kipindi hiki kiliadhimisha miaka kumi na minane mfululizo ya Star Trek kwenye televisheni, tangu 1987, na kwamba tamthilia ilikuwa imeshafutwa tangu Februari 2005 hivyo waandishi hawakuwa na nafasi. Nafasi walikuwa nayo, kwa sababu "Terra Prime" ilirushwa usiku huo huo. Ndani yake Trip na T'Pol wanamlilia mtoto wao Elizabeth wakiwa wameshikana mikono, na Archer anazungumza na wajumbe kwa kinywa chake mwenyewe, bila mtu kutoka karne nyingine kumkatiza. Kama walitaka maadhimisho, wangeandaa kipindi cha pekee, wakawaita Riker, Troi na yeyote waliyempenda, nami ningekaa kukitazama kwa furaha.

Kwa hiyo anayekitetea kipindi hiki aje hapa, ila asinieleze kuhusu maadhimisho. Anioneshe tukio moja tu ambalo lingeharibika iwapo Riker angeondolewa.