Servisi ya mwaka ya spreya yenye injini yake: pesa kidogo, nianzie wapi kabla ya masika?

Ngano_Tu
Wadau, habari zenu. Naishi Kasarani ila kazi yangu iko Narok, nanyunyizia watu dawa kwenye ngano kwa malipo. Spreya ni ya mtumba, ile inayojiendesha, si ya kuvutwa na trekta. Tangi la lita 3,000, bumu (mkono mrefu wenye nozeli) la mita 24, magurudumu yanazungushwa na haidroliki. Msimu ulipoisha niliileta yadi moja hapa Industrial Area.

Fundi ameikagua akaniletea karatasi ya gharama: oili ya injini, filta, kufungua injekta, kupiga rangi bodi nzima. Nozeli na pampu ya dawa hazimo kabisa. Nikamuuliza, akasema, "Hizo ziko sawa, si maji yanatoka?" Mfuko wangu hauruhusu kila kitu. Nyinyi mngeanza na nini? Halafu kitabu cha mashine kinataka niweke antifrizi (kizuia maji kuganda) kwenye mfumo wa dawa kila ninapoiegesha muda mrefu. Kwa Nairobi hii?

Spana_17
Rangi futa. Injekta pia, kama injini inawaka asubuhi bila kusumbua na haitoi moshi mweusi. Oili ya injini na filta zake badilisha, hapo hakuna mjadala.

Haidroliki ndiyo ya kuogopa. Pampu na mota za magurudumu zinauawa na uchafu ambao hata huuoni kwa macho. Weka filta mpya, oili ya daraja lile lile la kitabuni, na ufute vumbi kwenye mdomo wa tangi kabla hujafungua kifuniko. Oili ya gia zilizo ndani ya hab, yaani kitovu cha gurudumu, husahaulika mpaka siku gurudumu linaanza kulia. Hozi iliyochubuka hadi waya kuonekana, ing'oe upeleke ikabanwe mpya. Hapo hapo Industrial Area utabaniwa ukisubiri.

Na tafadhali, ukitafuta panapovuja usipapase kwa mkono. Oili ikitoka kwa presha kwenye tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi. Nje utaona kama umechomwa na mwiba, kumbe ndani nyama inakufa. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile, hata kama haiumi. Pitisha kipande cha kartoni, kikilowa umepajua.

Njoro_Juu
Mkuu, huyo ni fundi wa malori. Maji hutoka hata kwenye nozeli iliyokwisha, tena hutoka mengi zaidi!

Weka maji safi, presha bar 3, kinga kila nozeli kwa jagi la kupimia dakika moja. Rangi ya nozeli huonyesha saizi yake, kwa kipimo cha ISO: njano (02) itoe kama lita 0.8, bluu (03) lita 1.2, nyekundu (04) lita 1.6. Iliyozidi mpya kwa asilimia 10 imekwisha. Zikiwa nyingi hivyo, nunua seti nzima.

Hesabu yake: lita kwa dakika mara 600, gawanya kwa kasi ya kilomita kwa saa mara nafasi kati ya nozeli kwa mita. Bluu, kilomita 12 kwa saa, nafasi ya mita 0.5, unapata lita 120 kwa hekta. Ikianza kutoa 1.4, umefika 140. Tangi lako la kumaliza hekta 25 linakauka ukiwa hekta ya 21, na dawa ni ya mteja. Ukiwa na kompyuta ya kudhibiti, tangi halitawahi kukauka, ila inakudanganya: inashusha presha ili namba ya kwenye skrini ibaki 120, huku mpulizo umeharibika na magugu yanabaki kwa mistari.

Iliyoziba isafishe kwa mswaki laini. Sio waya, na sio kuweka mdomoni upulize.

MamaViazi
Mimi nauliza jambo jingine. Mara ya mwisho ilibeba nini? Kama ni metsulfuron, dawa ya magugu ya kwenye ngano, masalio kidogo tu yanatosha kuunguza viazi au maharagwe ya jirani. Suuza zaidi ya mara moja, toa machujio yote, fungua vifuniko vya ncha za bumu maana hapo ndipo dawa hujificha. Sabuni ya tangi yenye amonia husaidia kwa jamii hiyo ya dawa, ila isikutane na Jik hata kidogo. Mvuke wake ni sumu ya mapafu. Na usioshee hapo yadi, mitaro ya huko inaelekea Mto Ngong. Ioshee Narok, maji yanyunyizie kwenye ngano ile ile.

Spana_17
Mama amesema kweli. Kuhusu antifrizi: Nairobi haigandi, kwa hiyo mabomba hayatapasuka. Ukiilaza Kinangop ni habari nyingine, kule jalidi ipo. Ila pampu ya chuma cha kutupwa ikikaa na maji machafu inashika kutu. Mwaga maji yote, au weka antifrizi ile yenye kizuia kutu kwenye pampu tu. Filta ya kaboni ya kebini nayo isipulizwe kwa upepo wa kompresa ikarudishwa. Hiyo hununuliwa mpya.

Ngano_Tu
Asanteni sana. Nimepima: mkono wa kushoto wa bumu karibu wote unapita lita 1.4, na nozeli ni za bluu. Kupiga rangi bodi nimefuta, naagiza seti nzima ya nozeli. Fundi amenuna. Bumu lina ufa kwenye bawaba, atalichomelea kesho.

Njoro_Juu
Kabla hajachomelea atoe nyaya za betri na soketi za kompyuta, la sivyo utanunua kompyuta badala ya nozeli. Na ukiagiza seti, ongeza viwambo vya kuzuia kudondosha. Ni vya bei ndogo, na vya zamani vikiwa vigumu nozeli mpya zitaendelea kudondosha kila ukizima.