Tupeane uzoefu: nani ameshaunda saketi ya kuzuia ampia kwa transista?

Mtoto wa Gerezani
Wakuu, heshima zenu. Anayeshika solda anaijua tabia ya fyuzi: ikija kukatika, ulichokuwa unakilinda mara nyingi kimeshaungua. Mimi kati ya pawasaplai ya volti 12 na bodi ninayoipima naweka transista mbili, kubwa TIP41C na ndogo BC547. Mzigo, yaani bodi, unakaa kati ya chanya na kolekta ya kubwa (mguu umeme unapoingilia). Emita ya kubwa (mguu unapotokea) inashuka hasi kupitia rezista ya omu 1.2, na besi yake (mguu wa kuiamuru) inalishwa kutoka chanya kwa omu 560. Ile ndogo: besi kwenye emita ya kubwa, kolekta kwenye besi ya kubwa, emita hasi.

Umeme ukifika kama nusu ampia, ile omu 1.2 inakuwa na volti 0.6 hivi. Ndogo inaamka, inaanza kumnyang'anya kubwa umeme wa besi. Bodi hata iwe na shoti, mita inagota hapohapo. Ukitaka kiwango kingine, gawanya 0.6 kwa ampia zako, unapata omu.

Waliounda, mmeitumia wapi?

Fundi Sabufa
Sisi wa amplifaya huku Buguruni hatuna mambo mengi. Globu ya wati 100, ile ya waya, unaiunga mfululizo na umeme wa ukutani. Waya wake ukiwa baridi una ukinzani wa kama sehemu ya kumi tu ya ukiwa moto, kwa hiyo amplifaya isiyo na shoti inapata umeme karibu wote, yenye shoti inawasha globu. Mteja anajionea mwenyewe, hata kwenye bei habishi sana. Siku hizi ukiomba globu dukani unapewa LED, na hiyo kwa kazi hii haifai kitu.

Mtoto wa Gerezani
Kwa volti 230 nakubali mkuu. Kwenye 12 hainisaidii.

Mama Sola
Mimi nipo Mbagala, nachajia betri ya volti 12, ampiasaa 7, kwa adapta ya laptop ya volti 19. Bila kizuizi betri tupu inavuta mpaka adapta inajizima. Nimeweka rezista ya omu 1, inapita kama 0.6, chini kidogo ya sehemu ya kumi ya uwezo wa betri. Besi ya kubwa nailisha kwa omu 680 ya wati 1, maana ya nusu wati inachemka. Ila jamani, saketi hii haijui betri imejaa. Ikifika volti 14.4 natoa mwenyewe, mita iko mkononi.

Jua Kali la Tandika
Mbona hamzungumzii joto? Umeme uliozuiwa haupotei hewani. Shoti kwenye volti 12 kwa nusu ampia ni karibu wati 6, zote zimemkalia TIP41C, na bila hitisinki (bati la kupozea) yeye anahimili wati 2 kwenye nyuzi 25. Nani ana nyuzi 25 mchana ndani ya kibanda cha mabati?

Halafu kuna hili nalipenda mno: volti ya kuamsha transista inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Nimeibandika BC547 kwenye hitisinki ya kubwa makusudi. Joto likipanda nyuzi 50, ile 0.6 inakuwa 0.5, ampia zinapungua zenyewe. Anayetaka kiwango kisichoyumba aiweke mbali.

Ticha Fizikia
Wanafunzi wangu wanaanza na transista moja. LED nyekundu kutoka besi kwenda hasi, rezista ya kilo-omu 1 kutoka volti 12 kwenda besi, omu 56 kwenye emita. LED inashika kama volti 1.8, toa 0.65 ya transista, gawanya kwa 56: miliampia 20. Unaunga taa ndogo moja, mbili, tatu mfululizo kwenye kolekta, mwanga haubadiliki. Hapo darasa zima linasogea mbele.

Mzee wa Msimbazi
Vijana, Kariakoo TIP41C feki zipo, ndani kuna kipande kidogo kisichobeba joto. Mimi nang'oa kwenye bodi mbovu za pawasaplai na televisheni za zamani, nazipima kwa mita, basi.

Chipukizi Kigamboni
Shikamooni. Nina mosfeti (transista inayoamshwa kwa volti) IRFZ44N nyumbani, naweza kuiweka badala ya TIP41C?

Mzee wa Msimbazi
Marahaba mwanangu. Inakaa vizuri. Geti, mguu wake wa kuiamuru, halili umeme kama besi, kwa hiyo ile 560 weka kilo-omu 10. Kwenye volti 12 huna wasiwasi. Kwa adapta ya Mama Sola geti lina mwisho wa volti 20, na 19 ni karibu mno, weka zena (diodi ya kuzuia volti zisizidi) ya volti 12 kati ya geti na sosi, mguu ulio mahali pa emita. Na hitisinki ni ileile, mosfeti haikusamehi.